Tone la Damu Linavyoongozwa na Ukuta

Wazazi wanaoleta watoto wao kupimwa malaria hutuuliza mara kwa mara: "Sista, kitone hicho kidogo kitaonyesha kitu gani?" Wengine, hasa wazee, huona kama tunawafanyia ubahili. Walizoea kuona damu ikivutwa kwa bomba la sindano hadi chupa ijae, na kwao kipimo cha kweli ni kile kinachouma.

Swali lao linastahili jibu zuri. Vipimo vingi vya haraka vya malaria huhitaji maikrolita 5 tu za damu. Chukua kijiko cha chai kilichojaa maji, ukigawe katika mafungu elfu moja yaliyo sawa. Fungu moja ndilo hilo. Yanayotafutwa ndani yake ni mabaki ya vijidudu vya malaria, nayo yakiwemo, kitone hicho huwa kinatosha kuyaonyesha, ilimradi kifike mahali pake na kikutane na dawa ya kupimia kwa namna inayotakiwa. Hapo kwenye kufika na kukutana ndipo penye maneno.

Msomaji mpendwa, maji ya ndoo huongozwa na uzito wake. Ukiinamisha ndoo yanamwagika, ukichimba mfereji yanafuata mteremko. Lakini tone lenye upana wa chini ya milimita 2 au 3 haliutii sana uzito wake. Linaongozwa na mvutano ulio juu ya uso wake, ambao ni kama ngozi nyembamba inayolibana liwe mviringo, na linaongozwa pia na tabia ya kitu linachokigusa. Ndiyo maana umande huning'inia chini ya jani usianguke. Mwezi huu tunataka kulieleza jambo hilo, kwa sababu ndani yake mna elimu mpya ya vipimo, na mna pia chanzo cha baadhi ya majibu ya uongo yanayotoka katika vyumba vya kupimia.

UNAOPENDA MAJI NA UNAOYAKATAA

Nyunyiza maji juu ya jani la gimbi. Yanakusanyika yakawa shanga, yanateleza na kuanguka, na jani linabaki kavu. Nyunyiza maji hayo hayo juu ya kioo kilichooshwa vizuri kwa sabuni na kusuuzwa: yanatandaa, yanashika, yanalowesha. Maji ni yale yale, tofauti ni uso. Jani la gimbi lina nta na vinundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, nalo linayakataa maji. Kioo safi kinayapenda.

Aliyeliandika jambo hili kitaalamu alikuwa mganga. Thomas Young, daktari wa London, alieleza mwaka 1805 kwamba tone likikaa juu ya uso hufanya pembe pale linapokutana nao, na pembe hiyo inategemea mivutano mitatu: wa maji na hewa, wa maji na uso, na wa uso na hewa. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, tone limetandaa na tunasema uso unalowana. Ikizidi nyuzi 90, tone limejikunja, uso hautaki kulowana. Mpaka leo mafundi wa vifaa vya maabara hupima pembe hiyo kabla ya kukubali kifaa.

Na kuna mwanamke mmoja ambaye sisi wauguzi tunapenda sana habari zake. Agnes Pockels aliishi Braunschweig, Ujerumani. Wakati wa ujana wake vyuo vikuu vya huko havikupokea wanawake, kwa hiyo alibaki nyumbani akiwatunza wazazi wake wagonjwa na kuosha vyombo, huku mdogo wake wa kiume akisomea fizikia. Katika maji ya kuoshea vyombo aliona kwamba mafuta machache yakigusa uso wa maji, nguvu ya ile ngozi ya maji hubadilika. Akatengeneza kifaa chake jikoni, beseni na kitu kama mizani, akapima kwa miaka karibu kumi. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, naye akaifikisha kwenye jarida la Nature, likaichapa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina maana kubwa kwa kazi yetu: uchafu mdogo kabisa wa mafuta, usioonekana, unatosha kubadili tabia ya maji. Kidole chenye losheni kikigusa kioo cha maabara kimekwisha kukibadili.

MATONE YANAPOKUTANA

Tazama supu ya kuku inapopoa. Juu yake yanaelea macho ya mafuta, makubwa kwa madogo. Ukiyasogeza kwa kijiko, mawili yanagusana, yanasita kidogo, halafu ghafla yanakuwa moja. Kusita huko si bure. Kati ya matone mawili pamebaki utando mwembamba wa maji, nao sharti utoke kwanza. Ukishakuwa mwembamba kupita kiasi unapasuka, na matone yanaungana, kwa kuwa tone moja kubwa lina ngozi kidogo kuliko matone mawili madogo yaliyojumlishwa.

Tia sabuni kwenye maji yenye mafuta uone kinyume chake. Matone yanagawanyika kuwa madogo na hayataki tena kuungana, kwa maana sabuni imekaa juu ya uso wa kila tone na kulizuia jirani lisikaribie. Maziwa ni hivyo hivyo: mafuta yake yamo katika vitone vilivyovikwa ganda jembamba, yasingekuwa na ganda hilo yangekusanyika mara moja.

Wauguzi wa umri wetu tuliliona jambo hili pia kwenye zebaki, kipima joto kilipoanguka sakafuni. Vitone vya zebaki hukimbia juu ya saruji bila kulowesha chochote, vikigusana vinamezana. Watoto huvipenda, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mvuke wa zebaki ni sumu ya ubongo na figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga utengenezaji na biashara ya vipima joto vya zebaki kati ya nchi ukome ifikapo 2020, lakini vya zamani bado vimo katika masanduku ya watu. Kikivunjika, toa watoto chumbani, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio, kusanya vitone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu na kuvitia katika chupa yenye kifuniko, uipeleke kituo cha afya.

VIJIFEREJI VYEMBAMBA KAMA UNYWELE

Sasa tuingie kwenye elimu mpya. Katika maabara za nchi mbalimbali watu wanatengeneza bamba dogo la kioo au la mpira wa silikoni, lenye ukubwa wa kidole gumba, na ndani yake wanachonga vijifereji vyenye upana wa maikromita 50 au 100, karibu sawa na unywele wa kichwani. Kijifereji kimoja hupitisha mafuta, kingine hupitisha maji yenye damu au dawa. Panapokutana, mafuta hukata maji vipande vipande, na kila kipande huwa tone. Matone hayo husafiri kwa foleni ndani ya mafuta, mamia au maelfu kwa sekunde moja. Kila tone ni kama chupa ndogo ya kupimia, ila chupa isiyo na kuta.

Ili foleni hiyo itembee, ukuta wa kijifereji lazima upende mafuta na kuyakataa maji. Hapo utando wa mafuta hukaa kati ya tone na ukuta, na tone linateleza bila kugusa. Ukuta ukipenda maji, tone linaugusa, linashika, linatandaa, na foleni yote inavurugika. Mpira wa silikoni kwa asili unakataa maji. Kioo kwa asili kinayapenda, kwa hiyo hupakwa dawa ya kukifanya kiyakatae kabla ya kutumika.

Lakini tone la damu likisafiri peke yake halipimi kitu. Lazima likutane na tone la dawa, na likutane nalo mahali na wakati tunaoutaka, si kabla wala baada. Hapa ndipo wataalamu walipoumiza vichwa. Wapo waliotumia umeme, wapo waliopanua kijifereji na kupanga nguzo ndogo ndani yake ili tone la mbele lipungue mwendo na la nyuma lilifikie.

Njia inayotupendeza sisi ni ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 2007 Luis Fidalgo, Chris Abell na Wilhelm Huck walieleza jinsi walivyoweka kiraka kidogo kinachopenda maji ndani ya kijifereji ambacho kwingine kote kinayakataa. Tone linakuja likiteleza juu ya utando wake wa mafuta. Likifika kwenye kiraka, utando unapasuka, tone linashika ukuta na kusimama. Tone la pili linafika na kulisukuma, mafuta yaliyo kati yao yanatoka, yanaungana. Huenda la tatu nalo likaungana. Mafuta yanayotiririka yanaendelea kusukuma, na tone likishakuwa kubwa nguvu ya msukumo inaishinda nguvu ya kiraka. Tone linaachia na kwenda zake. Idadi ya matone yanayoungana inategemea ukubwa wa kiraka na mwendo wa mafuta. Hakuna umeme wala mlango, na hakuna kitu kinachozunguka. Ni tabia ya ukuta tu, iliyobadilishwa mahali pamoja.

Ukilifikiria vizuri utaona ni kama mlango wa kliniki. Watoto wanapita ukumbini wakitembea, lakini palipo na benchi wanasimama, wanakutana na mpimaji, halafu wanaendelea. Benchi likiwa refu wanasimama wengi.

Kuna vipimo vinavyotaka kinyume chake kabisa, matone yasiungane hata mawili. Upo mtambo unaogawa sampuli ya mgonjwa katika matone kama elfu 20, kila moja la nanolita 1 hivi. Matone yote hupashwa moto na kupozwa mara nyingi ili chembe ya urithi inayotafutwa ijizidishe. Tone lenye chembe hiyo huwaka, lisilo nayo hubaki giza, na mashine inahesabu. Kwa njia hii madaktari wanaweza kufuatilia mabaki machache sana ya aina fulani ya kansa ya damu baada ya matibabu. Matone yakiungana njiani hesabu imekwisha. Kwa hiyo hapo hutiwa dawa iliyo kama sabuni ndani ya mafuta. Hospitali yetu haina mtambo huo na hatutazamii kuupata karibuni.

Elimu hii ina udhaifu wake, na muuguzi yeyote angeuotea kabla ya kuambiwa. Damu ina protini, na protini hushika kwenye kuta. Kuta zinazokataa maji ndizo zinazokusanya protini kwa urahisi, na ukuta uliovikwa protini haukatai maji tena kama mwanzo. Kile kiraka nacho, kwa kuwa kinaguswa na kila tone, kinaweza kubakiza kidogo cha mgonjwa wa kwanza na kumpa wa pili. Hata mpira wa silikoni uliobadilishwa kwa hewa ya umeme ili upende maji, ukiachwa tu kabatini, baada ya saa au siku chache unaanza kurudia tabia yake ya zamani. Kwa maoni yetu, kinachochelewesha vibamba hivi kufika vijijini ni huku kuchoka kwa kuta kuliko uhaba wa akili za kuvibuni.

KATIKA MIKONO YETU

Mtu asidhani mambo haya yako Ulaya tu. Vipimo tunavyotumia kila siku vinatembea kwa kanuni hiyo hiyo.

Anza na kidole. Tunapakaa spiriti, tunatoboa. Kama spiriti haijakauka, ngozi imelowa, na tone la damu halisimami; linatandaa juu ya kidole kama maji juu ya kioo. Mpimaji anaanza kukamua kidole apate tone lingine, na ukikamua kwa nguvu unatoa maji ya mwilini pamoja na damu. Ngozi ikiwa kavu tone linasimama mviringo, na kijimrija kinalivuta mara moja. Mgonjwa wa kisukari anayejipima nyumbani anawe mikono kwa sabuni na kuikausha, kwa sababu ukishika embe au ndizi mbivu, sukari ya tunda iliyobaki kidoleni inaingia katika tone na kukupa jibu la kutisha bure.

Kijiti cha kupimia sukari kina kijifereji ambacho kuta zake zinapenda maji. Kinavuta damu chenyewe. Gusisha ncha yake ukingoni mwa tone usubiri, usiipakaze damu juu yake. Kile kichupa bapa cha kupimia wingi wa damu katika kliniki ya wajawazito nacho ni hivyo hivyo: kijazwe mara moja kwa tone moja lililotosha. Ukiongeza tone la pili baadaye, hewa inanaswa kati ya matone mawili, na kipimo kinaweza kusema mama ana upungufu asiokuwa nao, au kinyume chake. Kikionekana kina povu, kitupwe.

Kioo cha kuchunguzia malaria kwa hadubini kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kikaushwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kishikwe pembeni. Kioo chenye mafuta ya vidole kinaikataa damu mahali mahali, na tandiko jembamba linatoka na mashimo kama kitambaa kilicholiwa na nondo.

Kisha kipimo cha haraka cha malaria, kile kwenye kaseti. Ndani yake mna utepe mweupe wenye vitundu vidogo sana, uliotiwa dawa kiwandani ili ulowane sawasawa. Maji hutembea ndani ya utepe kwa kuvutwa na kuta za vitundu hivyo, yakibeba damu hadi kwenye mistari. Pakiti ikifunguliwa mapema, utepe unavuta unyevu wa hewa na mwendo unaharibika. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake. Chupa ya bafa ishikwe wima. Ukiiinamisha, au ncha yake ikiwa imelowa kwa nje, ukubwa wa tone unabadilika, na matone uliyoambiwa kuhesabu hayana tena kipimo kile kile. Bafa ikizidi inafurika juu ya utepe, ikipungua damu haisafishiki na mstari hausomeki. Jibu lisomwe kwa dakika zilizoandikwa katika karatasi ya maelekezo, mara nyingi 15 au 20. Kaseti iliyosahaulika mezani hadi jioni isisomwe, kwa maana utepe ukikauka unaweza kuonyesha mstari usiokuwepo. Na kama mstari wa uthibitisho haukutokea, hakuna jibu, hata kama mstari mwingine umetokea.

Katika zahanati moja tuliyoitembelea, bafa iliisha kabla ya kaseti. Mhudumu, kwa kutotaka kuwarudisha akina mama waliotoka mbali, akatumia maji ya bomba. Karibu kila mtoto aliyepimwa asubuhi ile alionekana ana mstari hafifu, na kila mmoja akapewa dawa ya malaria. Bafa si maji. Ina chumvi, protini na kitu kama sabuni, vilivyopimwa ili chembe za rangi zisishikane ovyo na utepe. Ukitia maji matupu, chembe hizo zinaweza kunasa kwenye mstari wa malaria pasipo malaria. Walipopimwa tena kwa vifaa kamili, wengi hawakuwa na kitu. Mmoja, msichana wa miaka miwili, alikuwa na nimonia, mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi, na alikuwa ameshalala nyumbani siku mbili akinywa dawa isiyo yake. Alilazwa, akapewa oksijeni na dawa za sindano, akapona.

Bafa ya aina moja ya kipimo isitumike kwa aina nyingine, hata kama chupa zinafanana, na maji ya dripu yasitumike badala yake. Ikiisha, watoto wapimwe kwa hadubini, na pasipo na hadubini wapelekwe kituo cha karibu chenye kipimo kamili. Mtoto mwenye homa anayepumua kwa haraka, anayetapika kila kitu, aliyedegedeka au asiyeweza kunyonya asisubiri foleni ya kipimo. Aonwe kwanza, kidole kitatobolewa baadaye.